Mzee wangu hatofautishi sita na tisa. Wavuvi wa Mwanza, masikio yetu yanaliwa na nini?

#1 MwanaNansio
Wakuu salaam.

Juzi pale mwaloni, boti zinaposhusha samaki, mzee wangu nusura ashikane na mama mmoja mchuuzi wa dagaa. Mama kasema amechukua ndoo sita, mzee kasikia tisa. Akadai hela ya tisa. Mama akaapa, watu wakajaa. Mimi nilikuwa hatua tano tu kutoka pale nakunja turubai na nilisikia vizuri kabisa: sita. Nikamvuta mzee pembeni nikamwambia, akanitazama muda mrefu, kisha akasema, "Hata wewe?" Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Mzee ana miaka 57. Ni mvuvi tangu ujana, maisha yake yote ni Ukerewe na Kirumba. Anaongea kwa kupayuka, redio yake inasikika nyumba ya tatu, lakini ukisimama karibu ukamwita kwa sauti nzito anaitika vizuri. Mama yangu anasema anasikia anachotaka kusikia. Nikaanza kuhesabu wazee wa mwalo wetu wenye hali hiyo, nilipofika kumi na mmoja nikaacha.

Swali langu: kinachokula masikio ya watu hawa ni nini? Upepo wa ziwa? Maji? Mashine? Miaka 57 bado ni mapema. Mwenye kujua aje.

#2 DagaaMkavu
Upepo wa alfajiri, mkuu. Unatoka usiku kucha kwenye taa za dagaa, jasho limekauka mwilini, ile baridi ya saa kumi na moja inaingia moja kwa moja masikioni. Babu yangu alikuwa hatoki bila kofia ya sufu hata mwezi wa kumi, na alikufa na miaka themanini na kitu akiwa anasikia mpaka mnachonong'onezana jikoni.

#3 FundiBoti Igombe
Hakuna upepo hapo, ni mashine. Natengeneza injini za boti mwaka wa kumi na tisa sasa. Mvuvi anakaa nyuma upande wa kulia, mkono wa kushoto umeshika usukani wa injini, uso unatazama mbele. Sikio la kushoto linabaki hatua moja kutoka kwenye injini kwa saa tatu kwenda na tatu kurudi. Na wengi hawafungi kava kwa sababu injini inazimika njiani, wanataka wafikie plagi haraka. Muulize mzee sikio gani ni bovu zaidi. Akikujibu la kushoto, njoo uniambie.

#4 TabibuWaZamu
Mkuu MwanaNansio, pole kwa lililowapata.

Chukua maneno sita na tisa, uondoe s na t kote kuwili. Kinachobaki ni i na a, i na a. Hakuna tofauti tena. Irabu zina nguvu, hubaki sikioni muda mrefu. Sauti kama s, sh, f, t na th ni nyembamba na ziko juu, na sikio linalochoka kwa kelele au umri huanza kukatika huko juu. La kelele mara nyingi hutoboka kwanza kwenye hezi 4,000 hivi (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii haji kwetu akisema "sisikii". Anakuja akisema "nasikia, ila watu siku hizi wanatafuna maneno". Sauti yako nzito anaipata, ya mjukuu inampita. Mwambie mama hajifanyi.

DagaaMkavu, kwa heshima zote, upepo unaweza kuchokoza sikio lenye kidonda, lakini hauui usikivu. Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba chenye umbo la konokono, na humo mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kila sikio, ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari ya ubongo. Tunazaliwa nazo hizo hizo. Zikifa hazioti nyingine. Kelele zinaua, baadhi ya dawa zinaua, maradhi yanaua, umri unaua.

Mpeleke akapimwe. Bugando kuna kliniki ya pua, koo na masikio. Humu tutakisia tu.

#5 DagaaMkavu
Nimepokea, tabibu. Ila nijibu hili: wazee wa zamani walikuwa wanapiga kasia, hawakuwa na mashine, na viziwi walikuwepo tele. Hao waliliwa na nini?

#6 BabuWaKamanga
Hapo DagaaMkavu umegonga penyewe. Waliliwa na sindano.

Sisi tuliokula kwinini tunajua. Siku ya pili tu masikio yanaanza wiiiii, kama nyenje mia wamehamia kichwani, mtu anaongea na wewe unaona mdomo unacheza. Mdogo wangu aliugua malaria ya kupanda kichwani akiwa na miaka minne, akatundikiwa dripu za kwinini, akapona, hakusikia tena mpaka leo. Huo ni ushahidi wa macho yangu. Mnalaumu injini za watu bure.

#7 TabibuWaZamu
Shikamoo babu. Sipingi ulichokiona, naomba nitenganishe mambo mawili.

Zile nyenje za kwinini ni kweli kabisa, zinajulikana, na kwa watu wengi huondoka dawa ikiisha. Kwa mdogo wako nina wasiwasi na ugonjwa wenyewe. Malaria kali huweza kuacha uziwi kwa mtoto, na miaka ile homa ya uti wa mgongo ilikuwa rahisi kuchanganywa na malaria maana yote yanakuja na homa, degedege na kupoteza fahamu. Uti wa mgongo ni mwizi mkubwa wa masikio ya watoto. Siku hizi malaria kali inatibiwa kwa sindano ya artesuneti, kwinini imerudi nyuma.

Dawa za kuogopwa zaidi kwa sikio ni za kundi la jentamisini, kanamisini, amikasini na streptomisini. Hizi zinaokoa maisha na sitaki mtu aziache kwa sababu ya uzi huu, ila mgonjwa aliyeandikiwa kwa muda mrefu ana haki ya kupimwa masikio kabla na wakati wa matibabu. Kwa kifua kikuu sugu, mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamisini iachwe, vidonge vikachukua nafasi ya sindano.

#8 MamaKokoto
Mimi si mvuvi ila naomba kiti. Tunagonga kokoto huku milimani mwaka wa kumi na mbili. Nyundo ya chuma juu ya jiwe, kutwa, watoto wetu wamekaa pembeni. Jioni nikifika nyumbani masikio yanakuwa kama yamewekwa pamba, asubuhi yanafunguka. Nilijua ni vumbi. Je, na hiyo ni kelele?

#9 TabibuWaZamu
Ni kelele, mama. Hiyo pamba ya jioni ni sikio linakuambia limezidiwa. Likifunguka asubuhi ujue seli nyingi zimeamka, lakini si lazima ziwe zote. Ukirudia miaka, siku moja pamba haitoki. Na nyundo ni mbaya kwa namna yake, kwa sababu ni mlipuko mfupi mkali. Watoto wakae mbali kadiri inavyowezekana, hata nyuma ya mwamba mkubwa, maana jiwe linakinga sauti. Wewe tafuta vizibo vya masikio kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Pamba ya kawaida haisaidii chochote.

#10 DJ Mabatini
Sasa naona uzi unakuja kwetu. Kabla hamjatusulubu, nataka kujua kipimo. Kelele ngapi ndiyo mbaya? Kila mtu anasema "kelele kelele" wakati hata kanisani spika ni kubwa kuliko zangu.

#11 MsagajiNyakato
Niliweka programu ya kupima desibeli kwenye simu nikaisogeza kwenye mashine yetu ya kusaga. Mashine ikiwa na mahindi inacheza 94 mpaka 97. Ikiwa tupu inapanda zaidi.

#12 TabibuWaZamu
Simu hazipimi sawasawa, mkuu Msagaji, kila simu na maikrofoni yake. Ila kwa kujua kama uko pabaya au pazuri inatosha.

DJ, kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi ni hii. Desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, ndiyo mpaka. Kila zikiongezeka 3, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili, kwa hiyo muda unakatwa nusu. 88 ni saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Mtu anaona 85 na 100 ni tofauti ndogo kwa sababu anahesabu kama viazi. Kwa hiyo kijana wa mashine ya kusaga anayeshinda hapo kuanzia saa mbili asubuhi anamaliza posho yake ya siku kabla chai haijapoa.

Kwa kumbi za muziki, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani usizidi desibeli 100, tena kuwe na sehemu tulivu ya watu kwenda kupumzisha masikio. Na wewe DJ unasimama pale usiku mzima, wateja wako wanakuja na kuondoka. Nakuhofia wewe kuliko wao.

#13 DJ Mabatini
Asante. Nimekuwa nasikia mluzi sikio la kulia tangu mwaka jana, sijawahi kumwambia mtu. Nitakuja PM.

#14 KiziwiMwenzenu
Nimesoma tangu mwanzo kimya. Mimi ni kiziwi tangu nina miaka sita, niliugua surua. Mambo mawili.

Kwanza, neno kiziwi si tusi. Mnaogopa kulitaja kwa wazee wenu mpaka mnasema "masikio yamekufa", "yameliwa". Tusi ni bubu. Tuna lugha yetu, Lugha ya Alama ya Tanzania, tuna chama chetu CHAVITA, tunasoma na tunafanya kazi.

Pili, wewe MwanaNansio umeuliza kinachokula masikio, hujauliza namna ya kuongea na baba yako kesho asubuhi. Usimpigie kelele. Ukipiga kelele irabu ndizo zinazoongezeka, s na t zinabaki pale pale, na uso wako unaonekana wa hasira. Simama mbele yake, mwanga uwe usoni kwako, usiwe mgongoni. Mguse bega kwanza. Namba onyesha kwa vidole. Kule mwaloni asubuhi jua linatoka nyuma ya wachuuzi, mzee anaona kivuli tu, hasomi mdomo wa mtu.

#15 MwanaNansio
KiziwiMwenzenu umenifungua macho. Ni kweli yule mama alikuwa ameipa mgongo mashariki. Sikuwahi kufikiria jua. Wabheja sana.

FundiBoti, nimemuuliza. La kushoto. Amejibu bila hata kufikiri.

#16 FundiBoti Igombe
Nilisema.

#17 BabuWaKamanga
La kushoto si ushahidi, hata mimi langu baya ni la kushoto na sijawahi kushika injini ya boti.

#18 MzamiajiBwiru
Mmesahau kuzamia. Nyavu zikikwama kwenye mawe, kuna kijana anaruka chini kuzikwamua, mita sita, saba, nane, bila chochote. Mimi nilikuwa huyo kijana. Mara ya kwanza nilishuka kwa haraka, nikasikia kama kitambaa kinachanika ndani ya kichwa, dunia ikazunguka, sikujua juu ni wapi. Nilipanda kwa kufuata mapovu yangu. Damu kidogo sikioni. Mwenye boti kaniambia ni kawaida ya wageni.

Wapo wanaojivunia kwamba sikio likishatoboka huumii tena ukishuka. Ni kweli huumii. Husikii pia, na kila ukioga maji yanaingia, usaha hauishi. Uliza mzee kama aliwahi kuzamia.

#19 TabibuWaZamu
Mkuu Mzamiaji asante, hili halizungumzwi. Kwa wanaoendelea kuzamia: presha inabadilika sana mita chache za mwanzo, pale ndipo ngoma inapochanika. Bana pua, pumulia puani polepole mpaka masikio yafunguke, rudia kila unaposhuka kidogo, tena anza kabla hujasikia maumivu. Mafua yakikubana usishuke. Ngoma iliyochanika mara nyingi hujifunga yenyewe ndani ya wiki kadhaa kama sikio likikaa kavu, na isipofunga kuna upasuaji.

#20 MwalimuMagu
Niingize la shule. Nilikuwa na mtoto darasa la pili, anakaa nyuma, haandiki imla, ukimwita hageuki. Nilimchapa. Nalisema hapa wazi kwa sababu linanikosesha usingizi. Siku moja nilimsogelea kumsahihisha daftari nikasikia harufu. Sikio lilikuwa na pamba iliyokauka na usaha chini yake, mama yake kaambiwa na majirani kwamba usaha wa masikio kwa mtoto ni meno yanaota, utaisha.

Alitibiwa, sikio likakauka, nikamweka dawati la mbele upande wa dirisha. Muhula uliofuata alikuwa wa nne. Sasa kila Januari nasimama nyuma ya kila mtoto na kumnong'oneza jina la tunda, arudie. Maembe, fenesi, chungwa. Ni kipimo cha kienyeji tu lakini mwaka huu kimenipa watoto watatu wa kuwapeleka zahanati.

#21 MamaNeema
Mwalimu Mungu akubariki kwa kukiri. Wangu alipelekwa shule tatu kabla hatujajua.

#22 TabibuWaZamu
MwalimuMagu, kwa maoni yangu hiyo #20 ndiyo posti kubwa kuliko zote humu. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 60 ya uziwi wa watoto ungezuilika: surua, rubela ya mama mjamzito, uti wa mgongo, usaha wa masikio, manjano kali na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Chanjo ya surua na rubela kwa pamoja ipo Tanzania tangu 2014 na ni bure. Mama anayeacha dozi ya pili anacheza na masikio ya mtoto, na ya anayefuata baada yake.

#23 JichoLaTatu
Mnazunguka sana. Kuna watu wanafungwa masikio. Mwenye boti akianza kupata sangara kila siku, majirani hawalali. Huyo mzee aliwahi kugombana na mtu?

#24 BintiPasiansi
JichoLaTatu, nakujibu bila hasira. Dada yangu aliamka asubuhi sikio moja limezima ghafla, na kizunguzungu. Familia ikasema kafungwa. Tukazunguka wiki sita, kuku wawili na mbuzi mmoja. Tulipofika hospitali daktari aliuliza swali moja: lini? Tukamwambia. Akanyamaza. Alisema sikio linalozima ghafla ni dharura, kuna dawa inayofaa kuanza ndani ya siku chache, na kila wiki inayopita inapunguza nafasi. Sisi tulikuwa tumezimaliza zote.

Sikio likizima kwa usiku mmoja, usisubiri kuche mara ya pili. Nenda.

#25 Kiberiti
Mimi kwangu ilikuwa nta tu. Nilidhani nakuwa kiziwi, kumbe miaka nachokonoa kwa unyoya wa kuku na njiti ya kiberiti nilikuwa naishindilia ndani kama mtu anayejaza bunduki ya gobore. Daktari alipopiga maji ilitoka donge nyeusi kubwa kama punje ya maharage, na katikati yake mlikuwa na kichwa cha njiti. Chekundu bado. Nilitoka nje nikasikia viatu vyangu mwenyewe kwenye kokoto.

Kwa hiyo MwanaNansio, kabla ya injini na sindano, mwambie daktari atazame kwanza kama kuna donge.

#26 DagaaMkavu
Na mende je? Mtoto wa jirani aliingiwa na mende usiku, wakachokoa na pini.

#27 TabibuWaZamu
Msichokoe. Kama sikio halina tundu wala usaha, matone ya mafuta ya kula yaliyo vuguvugu, si ya moto, yanamuua mdudu, kisha hospitali wamtoe. Pini ndiyo inayotoboa ngoma. Na mafuta ya taa, maji ya kitunguu, mkojo, maziwa ya mama, hivyo vyote visiingie sikioni. Nta yenyewe haihitaji kuchokolewa, ngozi ya ndani hutambaa polepole kuelekea nje na kuibeba.

#28 MvuviIzinga
Nimesoma yote. Mnasema tuvae vizibo. Nani kati yenu ametoka kwenye maji mazito usiku? Mwenzangu akiwa mbele akaona wimbi au nyavu za watu anapiga kelele, nisiposikia tunazama. Kizibo kinaokoa sikio na kuua mtu mzima. Semeni kingine.

#29 FundiBoti Igombe
Hoja yake ni nzito, isipuuzwe. Mimi nashauri hivi wateja wangu: funga kava, tengeneza injini isizimike ili usiwe na sababu ya kuifungua. Badili mafla iliyotoboka. Halafu chomeka bomba gumu la plastiki kwenye mkono wa usukani, ukae mbele kidogo.

#30 TabibuWaZamu
FundiBoti hilo la bomba lina hesabu yake: mahali pa wazi kama ziwani, ukiongeza umbali mara mbili desibeli 6 zinapungua. Ni sawa na kuruhusiwa muda mara nne. Kipande cha bomba tu.

MvuviIzinga, kwa mtu mwenye masikio mazima, kizibo hushusha injini na sauti ya mtu pamoja, na wengi husikia mtu vizuri zaidi ndani ya kelele kwa sababu sikio halijalemewa. Lakini kwa ambaye sauti nyembamba zimeshapungua, kizibo kinaweza kweli kumzimia mwenzake. Jaribu mchana karibu na ufukwe, mwenzio mbele apige kelele za kawaida. Na kizibo cha sponji kina namna yake: kisokote kiwe chembamba kama njiti, mkono mwingine upite juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia nusu dakika kivimbe. Kikining'inia nje nusu, hujavaa.

#31 MvuviIzinga
Nitajaribu mchana. Usiku siahidi.

#32 MchimbaGeita
Huku migodini kubwa wanalazimishwa na sheria ya usalama kazini ya 2003, wanapewa vizibo na vifuniko vya masikio na wanapimwa. Sisi wa maduarani, mashimo ya wachimbaji wadogo, nani atupe? Drili ndani ya shimo la upana wa mlango, baruti mara tatu kwa siku. Baada ya mlipuko tunaongea kwa mikono nusu saa. MwanaNansio, mzee wako alifanya kazi gani kabla ya ziwa?

#33 MwanaNansio
Hakuna kabla. Ni ziwa tu tangu mdogo.

#34 MwanaNansio
Wakuu, mrejesho. Tumetoka hospitali jana, tulilala kwa shangazi Buzuruga.

Kwanza walitazama ndani kwa kitaa. Nta kidogo, wakaitoa, haikubadilisha kitu. Ngoma ya kulia ina kovu, daktari anasema ilitoboka zamani ikajifunga. Kisha wakamwingiza kwenye kichumba kisichopitisha sauti, akavishwa spika za kichwani, akapewa kitufe cha kubonyeza kila akisikia. Mimi nilikaa nje ya kioo. Mhudumu anapandisha, anapandisha, mimi naona namba zinapanda na kidole cha mzee kimetulia juu ya kitufe, anasubiri kwa adabu kabisa, macho ameyafumba. Nikatoka nje nikapate hewa.

Mchoro unashuka kama mteremko. Kushoto ni mbaya zaidi, pana shimo kwenye 4,000 kama TabibuWaZamu alivyosema, ila hata 8,000 haijapanda vizuri. Wameandika shime sikio, vile vifaa vya kusaidia kusikia, kwa masikio yote mawili. Daktari akamuuliza kama aliwahi kuchomwa sindano nyingi. Mzee akasema ndiyo, mwaka 1991, kifua kikuu, sindano kila siku miezi miwili. Mimi sikuwahi kujua baba yangu aliugua kifua kikuu.

#35 BabuWaKamanga
Sindano. Nilisema #6.

#36 FundiBoti Igombe
Na la kushoto kuwa baya zaidi? Sindano huchagua upande?

#37 TabibuWaZamu
Wote mna kipande. Sumu ya dawa kawaida hupiga masikio yote mawili sawasawa, kwa hiyo tofauti ya kushoto inanuka injini. Lakini sindano ya kifua kikuu ya miaka ile ilikuwa streptomisini, na hiyo hupiga zaidi usawa wa mwili kuliko usikivu. Muulize, MwanaNansio, kama anayumba gizani au akifumba macho. Tena sikio lililoumizwa na dawa huweza kuchoka haraka likikutana na kelele. Mchoro peke yake hausemi kilichoanza.

#38 MzamiajiBwiru
Na kovu la ngoma ya kulia mbona mmeliruka? Huyo alizamia.

#39 MwalimuMagu
Au alikuwa na usaha utotoni. Makovu ya namna hiyo nayo hutokana na hilo.

#40 DagaaMkavu
Shime sikio zinavumilia jasho na maji ya ziwa?

#41 KiziwiMwenzenu
Hazipendi maji. Avue kabla ya kuingia botini, aweke kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko. Na mwambieni mapema, siku za kwanza kila kitu kitapiga kelele, sufuria, karatasi, kuku. Wengi wanazitupa kabatini wiki ya kwanza. Avae saa moja nyumbani, kesho mbili. Siku za sokoni aanze nazo akishazizoea.

#42 MwanaNansio
Asanteni. Jana usiku nilimsomea uzi wote, nimekaa mbele yake, taa usoni kwangu, taratibu. Saa mbili na nusu ilituchukua. Alicheka kwa mende.

Nilipofika #32 akaniambia rudia. Nikarudia. Akakaa kimya, kisha akasema alikwenda Geita mwaka 1988 na rafiki zake wawili, akachimba miaka miwili na ushee, akarudi na kikohozi. Hata mama hakuwa amesimuliwa yote. Mmoja wa hao rafiki alibaki chini ya shimo.

Nikamuuliza nyenje masikioni zilianza lini. Akasema, "Mwambie huyo fundi wa Igombe, zilianza kabla sijanunua mashine. Nilikuwa bado napiga kasia."

#43 MchimbaGeita
Shikamoo nyingi kwa mzee. Nilihisi.

#44 BabuWaKamanga
Kabla ya mashine, lakini kabla au baada ya sindano? 1991 napo alikuwa anapiga kasia.

#45 FundiBoti Igombe
Zilianza kabla, sawa. Kushoto bado kunadai maelezo. Kwenye duara alishika drili upande gani?

#46 MwanaNansio
Sijamuuliza hilo. Leo katoka na boti mapema, nimemfungia bomba. Yule mama wa dagaa alikuja kuchukua mzigo kabla mzee hajaondoka, akasimama jua likimpiga yeye usoni, akanyoosha vidole vyote vya mkono mmoja na kimoja cha mkono wa pili.